MLANGO UMEFUNGULIWA, HODI ISISAHAULIKE

Maoni yetu juu ya kutafuta kazi, kufahamiana na kupanga miadi mtandaoni

  



Kila mwaka wapo miongoni mwenu wanaohitimu masomo ya chuoni huku wamekwisha kumaliza kidato cha nne, na wengine wanarudi likizo kutoka vyuo vya bara na Unguja. Wote hao wana swali moja: baada ya hapa, tunaelekea wapi? Katika toleo hili tumeona tuzungumze jambo linaloligusa swali hilo, nalo ni namna watu wa kazi wanavyotafutana na kufahamiana siku hizi. Jambo hilo limebadilika sana, na sisi watu wa kisiwani tusipoliangalia vizuri tutaachwa, au tutaingia kichwa kichwa na kuumia.

Msimamo wetu tunausema mapema ili msomaji asisumbuke. Sisi tunaona kuwa mtandao umemfungulia kijana wa Kanga milango ambayo babu yake hakuweza hata kuisogelea. Kwa hiyo tujifunze kuitumia. Lakini mlango kuwa wazi hakuondoi wajibu wa kubisha hodi, kutimiza ahadi na kusitiri yanayostahili sitara. Adabu hizi tunazisoma hapa hapa chuoni, na ndizo zitakazomfanya kijana wetu aaminiwe huko anakokwenda.

KAZI NI KUJUANA

Usemi huu kila mmoja wetu ameusikia. Kwa miaka mingi kijana wa Kanga, Bweni au Jimbo aliyetaka kazi ya mjini alihitaji mtu. Awe na mjomba Mbagala, au shangazi aliyeolewa Unguja, au jirani aliyepata ukarani katika ofisi fulani. Huyo ndiye aliyesikia kwamba mahali fulani wanatafutwa vijana, na ndiye aliyekwenda kukusemea. Asiye na mtu alibaki kusubiri.

Na hata mwenye mtu hakuwa na uhakika. Kijana aliamka alfajiri, akapanda gari kwenda Kilindoni kumwona bwana mkubwa, akafika akaambiwa amesafiri. Akarudi. Wiki ya pili akaambiwa yumo kikaoni. Nauli ya kwenda na kurudi si ya kuchezea kwa mtu ambaye hajaanza kazi. Akiambiwa aende Dar es Salaam, safari ni kubwa zaidi: kivuko au boti hadi Nyamisati, kisha basi hadi Mbagala, na huko apate pa kulala. Wangapi walikata tamaa kabla hawajaonana na mtu waliyemfuata?

Hata hivyo kujuana hakukuwa ubaya mtupu. Mzee aliyekudhamini alikuwa anakujua. Alijua kama unasali, kama unaiba, kama ukitumwa unafika. Wanafunzi wa zamani waliosafiri kutafuta elimu Lamu au Unguja walikwenda na neno la walimu wao, na neno hilo lilitosha kuwafungulia mlango kwa masheikh wa huko. Ubaya wa kujuana ulikuwa kwa yule asiyejulikana na mtu yeyote, hata awe hodari namna gani. Yeye ndiye tunayemfikiria zaidi katika makala haya.

NINI KIMEBADILIKA?

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita kwa satelaiti, ikawa ghali na ya kusuasua. Baada ya hapo bei ilishuka, simu za kisasa zikaenea, na WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, ikaingia mpaka vijijini. Leo tangazo la kazi linalobandikwa Dodoma asubuhi linaweza kusomwa Kanga kabla ya adhuhuri.

Tunayaona mabadiliko makubwa mawili.

La kwanza ni uwazi. Watu wa kazi siku hizi huweka hadharani wanachokijua na wanachokifanya. Ipo LinkedIn, iliyofunguliwa mwaka 2003, ambamo mtu huandika elimu yake, kazi alizofanya na ujuzi alionao, na waajiri huingia humo kutafuta. Kwetu walio wengi hutumia makundi ya WhatsApp na Facebook kwa kazi hiyo hiyo. Fundi wa mashua anaweka picha ya chombo alichokitengeneza. Mama anayesuka mikeka na misala anaonyesha kazi yake, na mteja wa Dar es Salaam anaiona. Mhandisi au daktari anajibu maswali ya vijana asiowajua, mbele ya watu wote.

Serikali nayo imeingia katika uwazi huu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, hupokea maombi kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa Ajira Portal. Waombaji walioitwa kwenye usaili hutangazwa kwa majina, na siku, saa na mahali pa usaili huandikwa wazi. Mtoto wa mvuvi wa Kanga anasoma orodha ile ile anayoisoma mtoto wa mkubwa wa Dar es Salaam. Hatusemi kwamba upendeleo umekwisha duniani. Tunasema kwamba kizingiti kimoja kimeondoka: hakuna tena haja ya mjomba wa kukuambia kuwa nafasi ipo.

Badiliko la pili ni la miadi. Zamani kupanga kuonana kulikuwa kupigiana simu mara tano: "Kesho unapata nafasi?" "Kesho hapana, labda Alhamisi." "Alhamisi mimi nasafiri." Sasa zipo programu za kupangia miadi. Mwenye shughuli nyingi anafungua kalenda yake na kuonyesha saa alizo huru. Anayemhitaji anachagua saa mojawapo. Programu inaiandika kwa wote wawili, inageuza saa za nchi moja kuwa za nchi nyingine, na muda ukikaribia inawakumbusha.

Mojawapo ya programu hizo inayotumika sana duniani, Calendly, ilianzishwa mwaka 2013 na Tope Awotona, mzaliwa wa Lagos, Nigeria, aliyehamia Marekani akiwa na miaka 15. Alichoshwa na barua za kwenda na kurudi kwa ajili ya kupanga kikao kimoja, akatia akiba yake yote katika kutengeneza dawa ya tatizo hilo. Kufikia mwaka 2021 kampuni hiyo ilithaminiwa kuwa ya dola bilioni 3. Tunawatajia hili ili mjue kwamba vitu hivi havitengenezwi na watu wa Ulaya peke yao. Mwafrika aliyeona kero akaifanyia kazi amepata riziki kwayo.

Kutokana na mabadiliko hayo mawili limezuka jambo la tatu ambalo ni zuri sana kwa kijana asiye na mjomba. Wapo watu wa kazi wanaotenga saa moja au mbili kwa wiki, wakaziacha wazi kwa yeyote anayetaka kuwauliza jambo la fani yao. Huhitaji kujulikana. Unachagua saa, unaeleza swali lako, mnazungumza kwa simu. Sisi hili halitushangazi, kwa kuwa ni sawa na darsa ya baada ya Alasiri: sheikh ameketi, msikiti uko wazi, mwenye swali aulize.

RATIBA SI UGENI KWETU

Wapo wanaosema mambo ya kalenda na dakika ni ya Wazungu, sisi watu wa pwani hatuendi hivyo. Tunawapinga. Muislamu ndiye mtu wa ratiba kuliko wote. Katika Suratun Nisaa, aya ya 103, Allah (S.W.) anatufundisha kuwa sala imewekewa nyakati maalumu. Mara tano kwa siku tunaitwa kwa wakati, na atakayechelewa anajua amechelewa. Katika miji mikubwa ya Kiislamu ya zamani msikiti ulikuwa na mwanachuoni wa kazi hiyo tu, aliyeitwa muwaqqit, yaani mpanga nyakati. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, na alikuwa miongoni mwa wanafalaki wakubwa wa zama zake. Saa kubwa ya jua aliyoitengeneza kwa ajili ya mnara wa msikiti huo ni ya mwaka wa 1371.

Na wazee wetu wa hapa Kanga? Mvuvi anajua bamvua na maji mafu. Akina mama wanaokwenda pwani kutafuta pweza wanajua siku maji yatakapokupwa sana, na hawangoji kuambiwa. Manahodha walipanga safari za mwaka mzima kwa kaskazi na kusi. Atakayekosa msimu hakumlaumu mtu. Hata wageni wanaokuja Kilindoni kutazama papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka Machi, hupanga miezi mingi kabla, na nahodha anayewachukua lazima awe tayari saa waliyokubaliana. Basi kalenda ya simu ni chombo kipya cha jambo la zamani.

Lipo jambo moja la kuangalia sana, nalo ni saa yenyewe. Kalenda ya simu haijui saa ya Kiswahili. Ukiona imeandikwa 9:00 asubuhi, hiyo ni saa 3 asubuhi. Kama simu inahesabu saa 24, toa 6: ikiandikwa 15:00, ni saa 9 alasiri. Ukipata zaidi ya 12, toa 12 tena: 19:00 ukitoa 6 ni 13, nayo ni saa 1 usiku. Mtu wa Muscat yuko saa moja mbele yetu, kwa hiyo saa 10 yake jioni ni saa 9 yetu. Pia kwetu "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa, lakini katika kalenda ya simu huo ni Alhamisi. Kijana anaweza kukosa usaili wa maisha yake kwa kosa la namna hiyo tu. Mkipatana miadi, taja siku, tarehe na saa kwa namna zote mbili.

Na uzuri mwingine wa kalenda hizi ni kwamba mwenyewe ndiye anayefunga saa asizotaka. Funga Ijumaa kuanzia saa 6 mpaka saa 8 mchana. Funga nyakati za sala. Mtu wa mbali akitazama ataona huna nafasi, atachagua saa nyingine, na hamtakuwa na ugomvi wowote. Vijana wengi huona haya kumwambia bosi kuwa wanakwenda kusali. Kalenda iliyopangwa mapema inasema kwa niaba yako.

ADABU YA HODI

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Katika Suratun Nuur, aya ya 27 na ya 28, tumefundishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Tukiitafakari adabu hii tutaona kwamba inaenea hata kwenye simu ya mtu, maana simu ya mtu leo ni kama nyumba yake. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, jitambulishe. Imepokewa katika Bukhari kwamba Jabir (R.A.) alibisha mlango wa Mtume (S.A.W.), akaulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye tu, bila ya kutaja jina. Mtume (S.A.W.) hakupendezwa na jibu hilo. Sasa tazama ujumbe wanaoandika vijana wetu kwa watu wasiowajua: "Mambo", "Niaje", "Naomba namba". Mtu mwenye kazi zake atakujibuje? Andika salamu, jina lako kamili, unatoka wapi, umesoma nini, nani amekuelekeza na unaomba nini. Mistari mitano inatosha.

Pili, usimsumbue mtu. Katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ruhusa huombwa mara tatu, usipoitikiwa, ondoka. Ujumbe mmoja, baada ya siku kadhaa wa pili, kisha wa tatu, basi. Asiyejibu huenda ana udhuru, na riziki haiko mkononi mwake. Wapo wanaotuma ujumbe mara ishirini kwa siku, kisha wanatukana. Huyo amejifungia mlango kwa mkono wake.

Tatu, jua nani anamfuata nani. Programu za miadi zina jambo moja linaloweza kuonekana ufedhuli kwetu: kumtumia mtu kalenda yako na kumwambia achague saa. Mwenye kuhitajiwa akifanya hivyo ni sawa, anakurahisishia. Lakini kijana anayeomba msaada akimtumia mzee, mwalimu au mkuu wa ofisi kalenda yake, ni kama kumwita mzee aje kwako. Muulize kwa heshima: "Shikamoo mzee. Saa gani nisipokusumbua?" Kisha wewe ndiye uiandike katika kalenda yako.

Nne, usiache kwenda mwenyewe. Simu haizuru mgonjwa wala haishiki jeneza. Kufahamiana kwa watu wa kazi kumekuwa kwa dakika 30, kengele ikilia kila mtu anakata. Hiyo inafaa kwa kazi, haifai kwa undugu. Mtu aliyekusaidia ukapata kazi, ukifika anakoishi mtembelee, umshukuru, umpelekee hata nazi mbili. Yasije yakabaki mazungumzo ya kuhitajiana tu.

AHADI NI DENI

Simu ikikuletea mwaliko wa kikao hukupa majibu matatu: ndiyo, hapana, au labda. Hapo ndipo tabia ya mtu inapopimwa. Sisi tumezoea kumwambia kila mtu "Insha'Allah", na wakati mwingine maana yake moyoni ni kuwa hatutakwenda. Neno hili tumeamrishwa katika Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, kwa sababu kesho haiko mikononi mwetu. Huyo aliyeazimia kweli ndiye anayelihitaji. Kulifanya kuwa kichaka cha kujifichia ni kulikosea adabu. Wageni wanaofanya kazi na Waislamu wamefika mahali wakisikia "Insha'Allah" wanacheka. Hilo linapaswa kutuuma.

Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha na alama tatu za mnafiki: akisema huongopa, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiyana. Hadithi hii mmeihifadhi wengi wenu. Basi miadi ya kwenye kalenda ni ahadi. Ukibonyeza "ndiyo" umeahidi. Hukusema kwa ulimi, lakini yupo mtu aliyeacha shughuli zake akakusubiri. Ukipata udhuru, toa taarifa kabla ya wakati. Programu zote hizi zina mahali pa kuahirisha, na huchukua muda mfupi kuliko kumimina kahawa.

Kwa nini tunalikazania hili? Kwa sababu uwazi una upande wa pili. Zamani mtu akivunja ahadi aliaibika mtaani kwake. Sasa akivunja ahadi kwa mtu aliyempa nafasi bila ya kumjua, mtu yule hatasema kuwa fulani bin fulani hafai. Atasema vijana wa huko hawafai, na atakayefuata kutoka Kanga atakuta mlango umefungwa. Aliye mbele anawabebea walio nyuma. Vilevile kijana mmoja akitimiza ahadi, akafika dakika kumi kabla, amewafungulia wenzake.

BARAZA, UKUMBI NA NDANI

Uwazi ni mzuri, lakini uwazi wa kila kitu ni uchi. Nyumba zetu zinatufundisha mpaka wake. Nje kuna baraza, anakaa yeyote. Kisha ukumbi, anaingia anayejulikana. Kisha ndani, kwa watu wa nyumba tu. Basi na habari zako zipange hivyo.

Za barazani ni jina lako, fani yako, shule na vyuo ulivyosoma, kazi ulizofanya na picha za kazi hizo. Hizo ziweke wazi kila mtu azione, wala usizifiche kwa kuogopa kujisifu. Kusema kweli juu ya ujuzi wako ukiulizwa si kibri. Kibri ni kusema usichonacho.

Za ukumbini ni namba yako ya simu, majina ya wadhamini wako na wasifu wako kamili. Mpe aliyejitambulisha, na wadhamini waombe ruhusa kwanza kabla ya kuwataja.

Za ndani ni namba ya kitambulisho cha NIDA, namba za siri, picha za vyeti vyako, picha za dada zako na habari za nyumbani. Wapo vijana wanaopiga picha cheti chao na kukitupa kwenye kundi la watu 500 wakisema "naombeni kazi". Cheti hicho hicho kitatumiwa na mwizi. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, nayo inampa mtu haki juu ya habari zake. Lakini sheria haitakusaidia sana kama mlango wa ndani umeufungua mwenyewe.

WALE WANAOJIFANYA WAAJIRI

Kila palipo na baraza hupita na wezi. Mnaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ndugu yake ni tangazo la kazi linaloomba pesa ya fomu, ya sare au ya vipimo. Kanuni ni nyepesi: anayekuajiri ndiye anayekulipa. Akianza yeye kukuomba pesa, ondoka.

Kubwa zaidi ni ahadi za kazi za Ghuba na nchi nyingine, zinazowalenga hasa dada zetu. Wapo Watanzania waliokwenda Oman na kwingineko kwa njia ya halali, wakafanya kazi na kujenga makwao. Wapo pia waliochukuliwa na mtu wa mtandaoni wasiyemjua, wakafika pasipo mkataba, paspoti zao zikazuiliwa. Asikubali mtu yeyote, awe mvulana au msichana, miadi ya mahali pa faragha na mtu aliyemjua mtandaoni. Onaneni ofisini, mchana, na msichana aende na mahramu wake. Mkataba usomwe na mtu anayejua kabla ya kutiwa saini, na wazazi waujue. Mwajiri wa kweli hachukizwi na masharti hayo.

NA ASIYE NA SIMU?

Hapa lipo jambo linalotutia hofu. Kama kila mlango sasa unafunguliwa kwa simu, basi asiye na simu ya kisasa, au mwenye simu asiye na bando, amefungiwa upya. Tutakuwa tumemwondoa mjomba wa Mbagala na kumweka mwingine. Na hata mwenye simu hana uhakika: Mei 2024 mikongo ya baharini ilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti. Kwa hiyo tunatoa rai kwa uongozi wa madrasa, wazazi na wahitimu wetu:

1. Liwepo daftari la wahitimu, linaloonyesha nani yuko wapi na anafanya kazi gani, kwa idhini yao. Mwanafunzi atakayetaka kuwa muuguzi ajue yupo dada yetu aliyemtangulia.

2. Iwepo saa moja kila Jumamosi baada ya Alasiri, ambapo mhitimu mmoja anazungumza na wanafunzi, akiwepo hapa au kwa simu ya mwalimu iliyowekwa sauti. Simu moja itawatosha wanafunzi wote.

3. Kila mwanafunzi wa darasa la juu aandike wasifu wake kwa mkono, usahihishwe na mwalimu, kisha upigwe chapa katika steshenari ya Kilindoni. Jina liwe moja katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na NIDA. Wengi wamekwama kwa sababu shuleni ni Juma Ali, NIDA ni Juma Ali Makame. Hilo lirekebishwe mapema, lisingoje siku ya usaili.

4. Vyeti halisi vihifadhiwe mahali pakavu. Usailini huulizwa vyeti halisi na kitambulisho, na picha ya kwenye simu haitakutetea.

5. Mwenye bando amsomee asiye nalo. Matangazo ya kazi yabandikwe ubaoni kila wiki. Ukipata habari ya nafasi usiifiche kwa kuogopa kwamba mwenzio atakuzidi. Riziki yako haitaliwa na mwingine.

Ndugu wanafunzi, wazee wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwa zama hizi ni kujifunza vyombo hivi, wasichana na wavulana, bila ya kuviogopa na bila ya kuviabudu. Programu itakupangia saa, lakini haitakuamsha moyo uende. Itakuonyesha kwa watu elfu, lakini haitakufanya mkweli. Hayo mawili, kwenda na kusema kweli, yanajengwa hapa chuoni mnapowahi darasa alfajiri na kusoma sehemu mliyoambiwa na mwalimu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafungulie milango ya kheri, awakinge na milango ya shari, na awajaalie kuwa watu wanaoaminika wanapoahidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.